Kitenzi "grapple" na mtihani wa kukitafsiri kwa Kitaliano

WIKI tatu hivi zilizopita nilipokea simu kutoka Malindi. Aliyenipigia ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anajikimu kwa kazi ya tafsiri na ukalimani. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kujuliana hali, akanitupia swali: "Mwalimu, 'grapple' kwa Kitaliano ni nini?"

Swali la namna hii hunitia wasiwasi. Mtu anapouliza neno fulani "ni nini" katika lugha nyingine, aghalabu huwa ameshaamini kwamba huko liko neno moja limeketi likisubiri kuitwa. Nikamwambia, "Hebu nisomee kwanza sentensi nzima, binti yangu. Kisha uniambie aliyeisema ni nani."

Kumbe nyuma ya swali hilo kulikuwa na kibarua cha mtu kinachokaribia kuota nyasi. Mlinzi wa usiku katika nyumba moja ya wageni, mzee aliyebakisha miaka michache astaafu, alikuwa amemzuia mwanamume mmoja langoni saa nane za usiku. Mwanamume huyo hakuwa ameandikwa daftarini, naye alitaka kupita tu. Asubuhi mlinzi akaitwa ofisini aeleze kisa. Akasema kwa Kiswahili: "Nilikabiliana naye langoni." Karani akaandika kwa Kiingereza, maana ndivyo ofisi zetu zilivyo: "I grappled with him at the gate." Mwenye nyumba anaishi Italia, na Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Basi mtu mwingine akaitia sentensi ile kwenye programu ya simu na kumtumia ilichotema: "Ho lottato con lui al cancello."

Mwenye nyumba akasoma kwamba mlinzi wake hupigana na watu langoni usiku. Akaagiza barua ya kumwachisha kazi iandaliwe. Msimamizi wa nyumba, ambaye alimjua mzee kwa miaka mingi, akaomba siku mbili ili taarifa itafsiriwe upya na mtu anayezifahamu lugha zote tatu. Ndiyo sababu ya simu ile.

Ninachotaka msomaji akione mapema ni kwamba katika mlolongo huo hapana aliyesema uongo. Kamusi ukiifungua, utaona "kukabiliana na" limeandikwa mkabala wa "grapple with". Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kitaliano, "lottare" limo, tena aghalabu juu kabisa. Kila hatua ilikuwa halali. Hata hivyo mzee alianza safari akiwa mtu aliyesimama mbele ya mwenzake, na akaifikisha Italia akiwa mpiganaji. Je, ngumi ziliingilia wapi?

Tuanze na chuma. Kabla ya kuwa kitenzi, "grapple" lilikuwa nomino iliyotaja kulabu: chuma chenye meno kadhaa yaliyopinda, kilichofungwa kwenye kamba. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa cha kale, ambamo "grapil" ilikuwa kulabu ndogo na "grape" kulabu kubwa yake. Mabaharia walirusha kulabu hizo zikanasa kwenye merikebu ya adui, wakaivuta mpaka ubavu ukagusana na ubavu, kisha wakairukia. Vita vya namna hiyo ni vya kale mno. Mnamo 260 KK, karibu na Sicilia, Warumi waliwashinda Wakarthago kwa kutumia daraja lenye mwiba mkubwa wa chuma chini yake, ambalo liliuangukia mtumbwi wa adui na kuung'ang'ania. Waliliita "corvus", yaani kunguru, kwa ajili ya ule mdomo. (Nimesema mtumbwi, samahani, zilikuwa merikebu za makasia, tena kubwa.)

Kitenzi chenyewe kilizuka katika Kiingereza mnamo karne ya 16, na maana yake ya kwanza ilikuwa kunasa na kutoachilia. Zingatia hapo: kunasa. Kupigana kulikuja baadaye, kwa sababu merikebu mbili zikishafungwa pamoja hakuna jingine linalofuata. Shakespeare anatuonyesha sura zote mbili ndani ya tamthilia moja, Hamlet. Polonius anapomuusia mwanawe Laertes kuhusu marafiki waliokwisha kujaribiwa, anakitumia kitenzi hiki kwa maana ya kuwafunga rohoni wasimtoke. Hapo hakuna ugomvi hata chembe, kuna mapenzi. Mbele kidogo, Hamlet anamwandikia Horatio jinsi maharamia walivyoishambulia merikebu yao, naye, katika kule kunasana, akajikuta ameruka upande wa pili peke yake. Neno ni lile lile, na kulabu ni ile ile. Aliyebadilika ni anayekaa upande wa pili wa kamba.

Sasa twende Italia. Niliwahi kukaa Napoli kwa miezi kadhaa, katika Chuo Kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili hufundishwa na ambako marehemu Elena Bertoncini Zúbková, mwandishi wa kitabu Outline of Swahili Literature cha 1989, alifundisha kwa miaka mingi. Huko ndiko nilikogundua kwamba ukoo wa kulabu umezaana kupita kiasi. Mwashi wa Kitaliano ana "grappa", kipande cha chuma cha kushikanisha mawe. Shada la zabibu ni "grappolo", kwa kuwa kikonyo chake kimejipinda kama kulabu. Hata "grape" ya Waingereza, zabibu zenyewe, imetoka kwenye shina hilo kupitia Kifaransa. Kinywaji kikali kiitwacho "grappa", kinachotengenezwa kwa makapi ya zabibu baada ya divai kukamuliwa, kinatokana na neno la Lombardia la kikonyo cha shada. Watu wengi huapa kwamba kimepewa jina la Mlima Grappa, na ni vigumu kuwabishia hasa wakiwa wameshakionja. Mabano ya mawimbi tunayoyatumia katika hesabu huitwa "graffe", ambalo ni neno la kulabu pia, na pale Napoli "graffa" ni andazi la mviringo lenye sukari juu. Nilikuwa nikilinunua kila asubuhi na kulifananisha na mahamri ya nyumbani, ingawa iliki ilikosekana.

Baada ya utamu huo uko mtego. Katika ukoo huu Kitaliano kina kitenzi kinachofanana na "grapple" kama shilingi kwa ya pili: "aggrapparsi". Mwanafunzi wa lugha akikiona hushangilia. La hasha! "Aggrapparsi" ni kung'ang'ania. Mtu anayezama hung'ang'ania ubao, na mgonjwa hung'ang'ania tumaini. Mwanasiasa naye aling'ang'ania kiti, na hilo halihitaji mfano. "Grapple" ni kumshika mtu ili nimtawale, ilhali "aggrapparsi" ni kumshika mtu ili nisianguke. Wametoka tumbo moja wakaolewa nyumba tofauti. Laiti karani angeandika kwamba mlinzi "si è aggrappato" kwa mgeni, mwenye nyumba angewaza kwamba mzee alipatwa na kizunguzungu akatafuta wa kumwegemea.

Kiswahili kinautatua mkanganyiko huu kwa kiambishi kimoja, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Mkulima anang'ang'ana na shamba la mawe: hiyo ni "grapple with". Waziri anang'ang'ania wadhifa: hiyo ni "aggrapparsi". Ile "i" ya kauli ya kutendea ndiyo tofauti kati ya anayekazana na kitu na anayekataa kukiachilia.

Basi "grapple" itafsiriwe vipi? Kwanza tazama kama kitenzi kimefuatwa na "with" au la. Kikiwa peke yake, na mtendwa wake moja kwa moja, kulabu bado iko mkononi. Hapo Mtaliano atasema "agganciare" ikiwa kuna chombo cha kunasia, au "afferrare" ikiwa ni mikono. Ndani ya "afferrare" umejificha "ferro", yaani chuma, ndiyo maana nakipenda. Kitenzi hiki huingia hata akilini, kwani mtu akielewa hoja Waitaliano husema ameishika kwa "afferrare". Nasi pia tunasema mtoto ameshika somo.

Kikifuatwa na "with", njia zinagawanyika, na hapa ndipo programu ya simu iliposhika njia isiyo yake.

Iwapo kinachofuata ni tatizo, tafsiri bora kuliko zote kwa maoni yangu ni "essere alle prese con". "Presa" ni mshiko, kutoka "prendere", kuchukua au kutwaa. Mwanamieleka ana "presa" yake. Gundi ikikauka Waitaliano husema imefanya "presa". Hata tundu la umeme ukutani huitwa hivyo. Kuwa "alle prese" na jambo ni kuwa mmeshikana nalo na bado haijulikani nani atakuwa chini. Hiyo ndiyo sifa ya "grapple with" ambayo watafsiri wengi huipoteza: haiahidi ushindi. Mama anayelea watoto wanne kwa mshahara wa mmoja yuko "alle prese" na maisha. Ukimwandikia "affronta", umempa ujasiri ambao pengine siku hiyo hakuwa nao. Ukimwandikia "lotta contro", umempa bendera na maandamano.

Kipo pia "cimentarsi con", kizuri pale mtu anapojipima kwa hiari yake, kama mwanafunzi na hesabu ngumu. "Cimento" hapo kale ilikuwa dawa ya sonara ya kusafishia na kupimia dhahabu, ndiposa wanasayansi wa Firenze walipoanzisha chama chao cha majaribio mnamo 1657 wakakiita Accademia del Cimento. Lakini mtu haendi "kujicimenta" na njaa. Njaa haiombwi.

Na iwapo kinachofuata ni binadamu? Hapo mambo yanakuwa moto. "Lottare" linatokana na Kilatini "luctari", kupigana mieleka, na hadi leo mieleka ya Olimpiki huitwa "lotta". Kwa ajabu ya lugha, Kiingereza nacho kimelificha shina hilo ndani ya "reluctant": asiyetaka jambo ni mtu anayepiga mieleka ya kurudi nyuma. Ila "lottare" lilishatoka kwenye jamvi la mieleka kitambo. Kuna "lotta di classe", mapambano ya kitabaka; mgonjwa mahututi "lotta" kati ya uhai na kifo. Ni neno kubwa, la jasho na la muda. Ukiliweka kwenye lango, usiku, kati ya wanaume wawili, ukubwa wake wote unahamia kwenye misuli. Vijana wa Kitaliano wanaocheza mchezo wa kukabana na kuangushana bila ngumi wameona afadhali waliache neno la Kiingereza lilivyo. Wanasema "il grappling", kana kwamba "lotta" imeshabeba mengi.

Chini ya "lottare" kuna "azzuffarsi", ambalo ni la vurugu, la kushikana mashati na vumbi kutimka. Na kuna "colluttazione", mjukuu mwingine wa "luctari", ambalo ni neno la ripoti za polisi na kurasa za magazeti. Mtu aliyekuwa na "colluttazione" na mwenzake huenda kesho akahitaji wakili. Nilimwonya binti yangu asiliguse hata kwa kijiti.

Hebu turudi alikoanzia mzee. Yeye alisema "nilikabiliana". Kitenzi hiki tumekipata kutoka Kiarabu, kwenye shina lile lile lililotupa kibla, mkabala, kabla na hata kukubali. Kiini chake ni uso: kuelekea, kuwa mbele ya. Kukabiliana ni kutazamana uso kwa uso. Mikono haimo. Ndiyo sababu neno hili limekuwa kipenzi cha maafisa wetu. Kila mwaka husikia kwamba "tunakabiliana na ukame", nami hujiuliza kama ni zaidi ya kugeuza uso kuelekea ulipo ukame, mikono ikiwa mifukoni. Siwalaumu, kisarufi wamesema kweli.

Karani alipochukua neno la uso na kulivalisha "grappled", akatia mikono. Programu ilipochukua mikono na kuipa "lottato", ikatia nguvu. Kila lugha iliongeza kiungo, na hakuna aliyemuuliza mwenye mwili.

"Nenda kamuulize mzee swali moja tu," nikamwambia. "Mikono yake ilifanya nini?"

Alinipigia tena jioni. Mzee alisimama naye palepale langoni akamwonyesha. Alijiweka mbele ya yule mwanamume, akamwambia, "Subiri kaka, jina lako lisomwe kwanza." Mwanamume akataka kumpita ubavuni. Mzee akamshika mkono, juu kidogo ya kiwiko, akabaki amemshika hivyo hadi msimamizi alipoamka na kuja. Hakumvuta wala kumsukuma.

Tukaanza kupima maneno kwenye simu, na naungama nilifurahia kuliko inavyofaa, maana kibarua kilikuwa cha mwingine. Mimi nilipendekeza "affrontare". Ndani yake muna "fronte", paji la uso, kwa hiyo kwa asili ni pacha kamili wa kukabili: Mwarabu na Mlatini walifikiria jambo moja. Binti akakataa. "Mwalimu, ukimwambia Mtaliano 'l'ho affrontato' usiku langoni, atajua nilimwendea kwa shari." Alisema kweli. Yeye huishi na lugha ile mtaani, sokoni na kwa muuza samaki. Mimi naishi nayo vitabuni. Malindi imezoeana na Waitaliano tangu enzi za kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa mnamo Aprili 1967, na wako vijana pale wanaokijua Kitaliano bila kuketi darasani hata siku moja. Undugu wa maneno kwa asili si undugu kwa matumizi, nami nilikuwa nimewafundisha hivyo darasani kwao mwaka baada ya mwaka.

Nikamtajia "bloccare". Akasema ni kali, linanuka pingu. Akaja yeye na "trattenere". Hapo tukanyamaza wote wawili. "Trattenere" ni kushika ili kisiende. Mtu hu-"trattenere" pumzi, hu-"trattenere" machozi. Mgeni anayeaga akikwambia "non ti trattengo" anamaanisha hataki kukuchelewesha. Lina mkono ndani yake, lakini mkono usio na ngumi.

Sentensi iliyotumwa Italia ikawa hii: "Mi sono messo davanti a lui e, quando ha cercato di passare, l'ho trattenuto per un braccio finché non è arrivato il custode." Kwa Kiswahili: nilijiweka mbele yake, na alipojaribu kupita nilimshika mkono kumzuia mpaka msimamizi akafika. Msomaji ataona kwamba maneno matatu ya mzee yamezaa sentensi ndefu kupita kiasi, na katika taarifa hiyo mpya hakuna kitenzi hata kimoja ambacho kamusi ingekiweka mkabala wa "grapple". Wako wahariri watakaosema hiyo si tafsiri bali ni ufafanuzi. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare uliotoka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi, alijua fika kwamba Kiswahili kina neno mfanyabiashara. Aliamua nini kionekane. Wenzetu waliotafsiri kwa Kitaliano wakaandika "mercante" wakalala usingizi. Mtafsiri huamua, hata anapojidanganya kwamba kamusi ndiyo iliyoamua.

Mwenye nyumba alijibu baada ya siku nne. Aliuliza kama yule mwanamume aliumia. Akaambiwa hapana. Barua ya kuachishwa kazi haikutiwa saini, na mzee yuko langoni, ijapokuwa ameagizwa kwamba siku nyingine aite msimamizi kabla ya kumgusa mtu.

Limebaki faili. Taarifa ya Kiingereza bado imo humo ikiwa na "grappled" yake, na mtu yeyote akiifungua baada ya miaka miwili mlolongo utaanza upya. Nilimshauri binti aombe maneno ya mzee mwenyewe yaandikwe chini yake. Karani alikataa mwanzoni, eti faili ni la Kiingereza. Juzi nimetumiwa picha kwenye simu. Chini ya mstari uliopigwa chapa, kwa kalamu ya buluu, mtu ameandika: alikabiliana naye, akamshika mkono, hakumpiga.